Ngozi Ikauke Kivulini

Bariadi,
14 Januari 2024

Mjukuu wangu Stephania,

Mwadila? Huko Lalago mhola, ni salama?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mumeo Masunga, mume mwenzangu, ameniambia simu yako imeharibika. Amesema ukijibu ataniletea jibu mwenyewe, kwa kuwa biashara ya ng'ombe inamleta Bariadi kila mara. Nimefurahi. Tangu nistaafu ualimu sijapata mtu wa kumwandikia zaidi ya mstari mmoja.

Amekuja kuchukua ala ya bastola yake. Watu wa mjini huita mfuko wa bastola. Lakini mfuko hubeba chochote, na ala hubeba kitu kimoja tu, kile ilichotengenezewa. Hayo unayajua, umekulia katika karakana hii, ila mimi nikishika kalamu siwezi kuacha kueleza. Kustaafu hakujaniponya.

Ngozi ni ya ng'ombe, imelainishwa kwa maganda ya mgunga. Ngozi ya dawa za kiwandani haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiifinyanga leo kesho imerudi ilivyokuwa. Nimeiloweka katika maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto, mpaka mapovu yakakoma. Kisha nikaitoa na kusubiri rangi yake ianze kurudi. Hapo ndipo ngozi inapokubali. Kwa kuwa sina kibali cha silaha, nilichonga bastola ya mti kwa vipimo alivyonipa Masunga, nikaivalisha ngozi, nikaikandamiza kwa dole gumba na mfupa wa ubavu wa ng'ombe mpaka umbo likatokeza. Kisha ikakaa kivulini, na bastola ya mti ndani yake, hadi ikakauka.

Na kucha? Bila shaka unakumbuka. Ngozi iliyoloa ikiguswa na ukucha hutunza alama ile mpaka iozee. Ulikuwa na umri wa Milembe wako ulipoishika ala ya askari wa wanyamapori ikiwa bado mbichi, ukaiachia vijimwezi vinne vya kucha. Nilikufokea mpaka bibi yako, Mungu amrehemu, akanifokea mimi.

Nimeweka mkanda mdogo wa juu wenye kifungo ili bastola isichomoke hovyo. Masunga hakuupenda. Nimemwambia auzoee.

Krismasi tuliwangoja. Kuku alizeeka mikononi mwangu. Njooni.

Babu yako,
Ladislaus Maduhu


Lalago,
2 Februari 2024

Babu,

Mwadila. Sisi ni wazima.

Masunga amekaa hapa mezani ninapoandikia, anakusalimu sana. Anasema barua yako ni ndefu kama mtihani. Yeye alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, ya katikati akaniachia mimi niliyeyazoea. Anacheka ninapoandika haya.

Anasema ala ni nzuri ila inabana. Akiivuta bastola haraka inakataa kidogo, na ule mkanda wa juu unamchelewesha. Anaomba umlainishie, na mkanda uutoe.

Mimi nilitaka kukuuliza jambo la ufundi. Je, ala inaweza kutengenezwa ibane kiasi kwamba bastola isitoke mpaka mtu atumie mikono miwili, tena kwa utulivu? Ulikuwa ukisema ala nzuri ni ile inayoshika. Nimemwambia Masunga hivyo, akasema nataka wezi wamuue ili niolewe tena. Ni utani wake.

Milembe hajambo. Amejifunza kutembea ndani ya nyumba bila kutoa sauti kabisa. Hata kijiko hakiangushi.

Krismasi hatukuja kwa sababu ya shughuli. Simu bado haijapona.

Mjukuu wako,
Stephania


Bariadi,
11 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Swali lako limenipendeza, maana linaonyesha hukusahau kazi. Ngoja nilijibu vizuri.

Ala hushika kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni pale inapozunguka kikingio cha kidole, kile kibati kinacholinda kifyatulio. Ukikandamiza ngozi pale kwa mfupa, inaingia kwenye kile kishimo na kuishika bastola kama mtu aliyeshikwa kiwiko. Ya pili ni mdomo wa ala. Mdomo ukikaza, bastola haitoki kirahisi. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inawezekana kuibana mpaka iwe kazi kuitoa. Lakini nani atataka? Mtu hanunui ala ili agombane nayo.

Nadhani naelewa hofu yako. Unaogopa isichomoke akiwa safarini, au mtoto asiishike. Basi mwambie mume mwenzangu apigilie msumari mrefu juu ya mlango, ala ining'inie huko, Milembe asiifikie. Kuhusu wezi wa ng'ombe, mwanaume anayetembea na fedha za mnada anahitaji silaha itoke anapoitaka. Nimemlainishia. Tuliifunga bastola yake kwa mfuko wa nailoni, tukakunja mara mbili, akaisukuma mwenyewe ndani ya ala, tukaiacha ikae tulipokuwa tunakula. Ngozi ilitanuka kidogo tu, kiasi cha kutosha. Mkanda wa juu nimeukata kama alivyoomba, na pale ulipokuwa nimepiga nta, hutajua kulikuwa na kitu.

Amejaribu mbele yangu. Inatoka kama imepakwa siagi.

Mtoto asiyepiga kelele ni zawadi. Wewe ulikuwa unalia kama trekta bovu, na bibi yako alisema umerithi kwangu. Misa ya kumbukumbu yake ni Jumapili ya pili ya Machi. Nitawatandikia chumba cha nyuma.

Babu yako,
Ladislaus Maduhu


Lalago,
3 Machi 2024

Babu,

Ala sasa inatoka vizuri. Inatoka kabla mtu hajamaliza kusema alichotaka kusema. Masunga amefurahi. Anawaonyesha wageni, na sisi wa nyumbani pia anatuonyesha.

Msumari upo juu ya mlango kama ulivyoelekeza, lakini ala haikai hapo. Inakaa anapokaa, inalala anapolala.

Kwenye misa ya Bibi hatutakuja. Niwashie mshumaa mmoja na Milembe mmoja.

Utaona mwandiko umeharibika. Nilibanwa na mlango kidole cha shahada, kimevimba. Masunga anasema niwe mwangalifu na milango.

Anakusalimu.

Stephania


Bariadi,
7 Aprili 2024

Ukurasa wa 1

Mjukuu wangu Stephania,

Mwadila? Nimempokea mume mwenzangu juzi akiwa na ala iliyoharibika. Ameniambia mvua ya Pasaka ilimkuta uwanjani, ala ikaloa chapachapa, na ilipokauka umbo lilikuwa limepotea. Nimeikagua. Mdomo umefunguka, bastola inacheza ndani yake, na akikimbia itaanguka. Haitengenezeki tena. Amekubali nimtengenezee mpya, na safari hii nitafanya kwa bastola yake halisi badala ya ile ya mti, ili ikae kama ngozi ya mwili wake. Amefurahi sana kusikia hivyo.

Nitaeleza kwa urefu namna kazi itakavyokwenda, ili nyote mjue na asije mtu akalalamika baadaye.

Ukurasa wa 2

Kwanza habari ya maji. Maji ya bomba ya hapa yana chokaa, na chokaa huacha mawaa meupe kwenye ngozi. Kwa hiyo nakinga maji ya mvua, nayachuja kwa kitambaa cha pamba, nayaacha yatulie. Yakiwa moto mno ngozi inaiva kama nyama, inasinyaa na kukakamaa, na kilichoiva hakirudi kuwa kibichi. Yakiwa baridi mno yanaingia polepole, na ngozi inaloa nje huku ndani ikiwa kavu, nawe unakandamiza ukidhani imekubali kumbe imekubali juujuu. Ndiyo maana nazungumzia uvuguvugu. Jambo la pili ni unene. Ngozi ya mgongoni ni nzito na imara, ya tumboni ni laini na hutanuka ovyo. Fundi asiye na subira hukata ala tumboni kwa kuwa ni rahisi kuishona. Mimi hukata mgongoni, karibu na uti, nyuzi zake zikiwa zimelala kwa urefu wa mtutu. Jambo la tatu ni uzi. Uzi wa nailoni upakwe nta ya nyuki mara tatu, na matundu yatobolewe kwa msharasi kabla ngozi haijaloweshwa, kwa sababu tundu lililotobolewa kwenye ngozi iliyoloa hupanuka. Habari ya nta yenyewe nayo inahitaji maelezo, maana ipo nta ya asali iliyochujwa na ipo isiyochujwa...

Ukurasa wa 3

Stephania, ukurasa uliopita niliufanya mkavu kwa makusudi. Uliniambia yeye husoma wa kwanza na wa mwisho. Kama leo amefika hapa, nimekosea mara ya pili.

Ala ile ya zamani imebaki kwangu. Mvua hulowesha ngozi, lakini haina vidole. Mbele ya ala, pale ambapo bastola hupitia ikitoka, kuna vijimwezi vinne vimezama. Nyuma kipo kimoja cha dole gumba. Chini yake kuna mkono wa pili. Vyote vimevuta kuelekea chini. Mwenye mikono hiyo alikuwa amening'inia kwenye ala ikiwa imeloa, akizuia bastola isitoke. Niliweka vidole vyangu juu yake, havikuenea. Ni mkono mdogo. Kijimwezi cha kidole cha shahada kimepinda upande, na ukucha uliopinda hivyo naujua, maana ulipondwa na nyundo yangu ukiwa na miaka saba.

Uliniuliza swali la ufundi nikakujibu kwa ufundi. Uliniambia mtoto hatoi sauti, nikakupongeza. Mkanda ule niliukata kwa mkono wangu. Hayo tutayazungumza siku nyingine, leo hakuna nafasi.

Sikiliza. Ala mpya itafinyangwa juu ya bastola yenyewe, na bastola lazima ibaki ndani mpaka ngozi ikauke. Sheria haimruhusu mwenye kibali kuniachia silaha yake na kuondoka. Kwa hiyo atakaa nayo hapa kwangu. Mvua hizi zikiendelea ni siku mbili, labda tatu. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ngozi ikiwa kwenye umbo sikuweza kutoka karakana, na hizo ndizo zilizokuwa siku zako za kwenda Nassa kwa shangazi yako Harieth? Yeye anakungoja, nimezungumza naye. Salu, mama wa Lamadi anayeuza samaki, hushusha mzigo kwenye mnada wa Lalago siku ya Ijumaa, na gari lake hurudi na matenga matupu. Anakufahamu kwa sura. Ngoja upande wa nyuma wa josho la ng'ombe.

Ala yenye vijimwezi nitaipeleka kwa askari ninayemwamini, wa dawati la jinsia.

Ukurasa huu utie jikoni.

Ukurasa wa 4

...na baada ya hapo ndipo ngozi hupakwa mafuta, si kabla. Basi, mwambie mume mwenzangu aje Alhamisi tarehe 18, asubuhi, na bastola isiyo na risasi hata moja. Risasi aziache nyumbani. Silaha yenye risasi haiingii kwenye maji yangu. Aje na nguo za kubadili, na asije na haraka.

Mbusu Milembe.

Babu yako,
Ladislaus Maduhu


Lalago,
17 Aprili 2024

Babu,

Masunga anakuja kesho na barua hii. Barua yako niliisoma yote, kama ulivyonifundisha kusoma.

Nina swali moja tu. Kipindi hiki cha mvua ngozi haiwezi kuwahi kukauka? Masunga ana haraka, anataka arudi siku hiyohiyo. Nimemwambia kazi ya Babu haiharakishwi. Tafadhali usiiweke juani, wala karibu na moto. Ikauke kivulini.

Milembe anauliza kama kile kiti chake kidogo bado kipo.

Stephania


Bariadi,
21 Aprili 2024

Kwa Stephania,
nyumbani kwa Harieth, Nassa

Mjukuu wangu,

Harieth amenipigia, amesema mmefika na mnalala. Simu imekata kabla sijauliza lolote, nami sitaki kuuliza kwa simu. Ngoja nikueleze ya upande huu, halafu nawe utaniambia ya kwako utakapoweza.

Alifika Alhamisi mapema, amevaa shati jeupe kama mtu anayekwenda kupimwa suti. Nilimwambia aiweke bastola mezani, aifungue na kunionyesha. Ilikuwa tupu. Tukaivalisha nailoni nyembamba isishike kutu. Ngozi ilikuwa imefikia hali yake nzuri, nikaivuta juu ya bastola, nikaikandamiza. Stephania, katika maisha yangu sijawahi kukandamiza ngozi namna ile. Pale kwenye kikingio cha kidole niliuingiza mfupa mpaka ukagota. Kisha nikaizungushia kamba ya katani kuanzia mdomoni hadi chini.

"Kamba ya nini, Babu?"

"Ya kuishika mpaka ijifunze."

"Itajifunza saa ngapi?"

"Ikishajua, itanyamaza. Sasa hivi bado inalia maji. Gusa."

Akagusa. Akafuta kidole kwenye suruali. Saa sita alikuwa ameuliza tena. Nikamweleza habari ya hewa yenye unyevu na hewa kavu, na kwa nini pamba ya Maswa hupimwa unyevu kabla ya kununuliwa. Nikamweleza habari ya maganda ya mgunga. Alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Jirani yangu Maige alikuja kuazima patasi, akamwambia, "Shemeji, umekaliwa na mwalimu, wewe huondoki leo," nao wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka.

Hakukubali kulala chumba cha nyuma. Alitandika mkeka karakana, kando ya meza, kichwa kikiwa upande wa ala.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Akaanza kuzunguka.

"Tuiweke karibu na jiko."

"Itaiva. Utavaa gamba la kobe."

"Basi feni."

"Umeme umekatika." Na kweli ulikuwa umekatika, sikuhitaji kudanganya.

Akapiga simu nyumbani. Nilisikia sauti ya mama yake vizuri kabisa, maana yeye huiweka simu kwa sauti kubwa. "Mkeo ameenda kuchota maji." Akaridhika. Nikamkatia muwa. Alasiri akapiga tena. "Bado yuko kisimani." Akasimama na muwa mdomoni.

"Kisima gani hicho, mama? Mvua yote hii?"

Mama yake akasema hasikii, akakata.

Hapo aligeuka, akaikamata ala. Akapitisha kidole kwenye kamba, akaikata kwa kisu changu, akashika kitako cha bastola akavuta. Haikutoka. Akaiweka ala kati ya magoti, akavuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamsimama. Ngozi iliyoloa ilikuwa imeuma.

"Umenifunga, mzee."

"Ngozi imeshika. Nilikuambia usije na haraka."

Sijui angefanya nini. Alikuwa na kisu changu mkononi na mimi nina miaka sabini na sita. Lakini Afande Gloria, yule wa dawati la jinsia, alikuwa amekaa kwa Maige tangu saa nane akinywa chai, na mwenzake mmoja. Waliingia bila kubisha. Alimwomba kibali cha silaha, akakisoma, akaniomba mimi ile ala ya zamani, akaiweka mezani mbele yake, upande wa vijimwezi juu. Masunga aliitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliviona. Akaweka kisu chini.

Walichukua vyote: bastola ndani ya ala yake mbichi, ala ya zamani, na yeye mwenyewe. Mimi kwa mazoea nikamwambia afande, "Msiitoe mpaka ikauke, itaharibika umbo." Alinitazama kama mtu aliyemsikia mgonjwa wa homa.

Sasa sikiliza sehemu isiyopendeza. Jana ametoka kwa dhamana. Silaha haijatoka, na afande ameniambia haitatoka kesi ikiwa bado ipo. Lakini yeye yuko nje. Jioni alisimama ng'ambo ya geti langu, kisha akaondoka. Hajui uliko. Usiende mwaloni, wanakoshusha samaki, wala sokoni. Usimwache Milembe uani peke yake. Harieth afunge lango hata mchana.

Utahitajika kutoa maelezo. Afande Gloria atakuja Nassa mwenyewe, bila sare.

Nilikuwa nikimwita mume mwenzangu. Utani ule ni wa kwetu, wa babu na mjukuu, nami nilimpa bure. Nimeurudisha.

Babu yako,
Ladislaus Maduhu


Nassa,
5 Mei 2024

Babu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwandiko ni huu, kidole hakijanyooka. Hakukuwa na mlango. Kidole alikipinda yeye. Ya kwenye ala ni ya baadaye, usiku wa mvua ya Pasaka, uwanjani mbele ya nyumba. Nilishika kile nilichoweza kushika, kwa sababu Milembe alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikufikiria kucha. Sikujua kama zimeacha alama mpaka nilipoisoma barua yako, nikaitazama mikono yangu, nikaenda kuitia ile karatasi jikoni.

Umewahi kujiuliza kwa nini sikuondoka siku za minada, yeye akiwa hayupo? Harieth ameniuliza hivyo, kwa upole, lakini ameuliza. Siku za mnada anarudi jioni ileile, na gari ni lake. Alikuwa ameniambia hatauliza nimeenda wapi, atatangulia kufika. Nilikuwa siwezi kufika popote kabla yake. Kilichokosekana ni siku moja ya ziada, Babu, nawe uliitoa kwenye ngozi.

Ijumaa ile asubuhi mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, mahali anapokaa siku zote. Nilikuwa nimemfunga Milembe mgongoni, mkubwa vile, na kanga mbili juu. Hakuna anayembeba mtoto wa miaka minne kwenda kutazama mvua. Nilisimama. Yeye akainuka, nikajua imeisha. Akaingia ndani, akatoka na ndoo, akanishikisha.

"Kisima cha karibu kimekauka," alisema. "Nenda cha mbali."

Mvua ilikuwa inamwagika juu yetu wote wawili. Nilimwachia ndoo hiyo kwenye josho.

Tulipita Bariadi mchana, chini ya matenga ya Salu, tukinuka sato. Milembe aliutambua mnara wa kanisa kwa tundu la turubai. Akaninong'oneza, "Mama, kwa Babu ni pale." Nikamwambia ndiyo. "Hatushuki?" Nikamwambia Babu ana mgeni. Nilijua yuko humo, hatua chache kutoka barabarani, na wewe unamweleza habari ya nta. Gari lilisimama pale kwenye tuta kumpisha mtu wa punda. Sikupumua. Mpaka leo kuna muda najikuta sipumui, na hakuna punda.

Afande Gloria alikuja amevaa gauni la maua, akakaa siku nzima. Nimesema yote. Amesema Masunga ameandikisha kwamba kucha ni za kwangu kweli, ila nilikuwa namsaidia kuvaa. Shauri litatajwa Juni. Itabidi nisimame mbele yake. Ndugu zake wamemtuma mjumbe kwa baba mdogo kudai ng'ombe wa mahari warudishwe. Kwa hiyo, Babu, nimetoka nyumba moja nikaingia nyingine iliyofungwa kwa ndani. Lango la Harieth lina kufuli mbili. Ziwa nalisikia, silioni. Pikipiki ikipunguza mwendo njiani, mimi na Milembe tunaacha kutafuna kwa pamoja, hatujapangana. Sikwambii ili ufanye kitu. Umezoea kutafuta namna, na kwa hili hakuna namna, ni kungoja tu.

Nitumie kipande cha ngozi, cha tumboni kinatosha. Tutakiloweka hapa. Nataka Milembe akiharibu apendavyo, na nisimfokee.

Nimalizie na la juzi. Tulikuwa jikoni, Milembe akaangusha sufuria kwenye sakafu. Lilipiga kelele nyumba nzima. Akabaki amekakamaa, mabega juu, akinitazama usoni. Nami nilikuwa nimekakamaa vilevile, sikuweza hata kusema si kitu. Shangazi Harieth alikuwa anachambua mchele. Alitutazama, akachukua sufuria lake, akalinyanyua juu, akaliachia.

Milembe akamtazama. Akaenda taratibu kwenye kabati, akachagua kubwa kuliko yote, akaliachia.

Jirani alikuja kugonga lango akiuliza kuna nini humu ndani. Hatukumsikia vizuri. Tulikuwa bado tunaangusha.

Mjukuu wako,
Stephania